Mtoto Aliyeachishwa Ziwa

Mwanangu, umekula?

Fundi Selemani hapa anasema barua haianzi hivyo. Ati kwao Kilwa barua ina salamu, na salamu zina ngazi, unapanda polepole mpaka ufike kwenye neno. Nimemwambia mimi si mtu wa Kilwa. Andika, umekula? Maana jana pale kwenye lango la boma nilikuona midomo imekukauka, lakini nilikuwa nimeshaanza kupiga kelele, na mtu akishaanza kelele hawezi kusimama katikati aulize habari ya chakula.

Ndiyo maana leo unaletewa karatasi. Ulisema, "Mama, nakuomba usije tena, unaniaibisha mbele ya wanawake wenzangu." Haya, sikuja. Nimekuja kwa Selemani, nimekaa kwenye kigoda chake katikati ya vitambaa, na kanzu ya mumeo ameilaza magotini, juu yake ubao, juu ya ubao karatasi. Jua likipungua atakuletea vyote viwili, kanzu na barua. Mke wa shaushi, yule mkubwa wa askari, ndiye aliyesoma chuoni, atakusomea. Usimwache asome mbele ya watu. Mwambie akusomee huku mnachambua mboga, kidogo kidogo, kama habari ya kawaida.

Neno lenyewe ni moja. Kesho mnaondoka na kombania ya askari kwenda Lindi, na toka Lindi meli itawatupa wapi sijui, na mumeo hajui, maana Mdachi hamwambii mtu. Sikuzuii. Mke hufuata mume. Lakini Asha niachie. Mtoto aliyeachishwa ziwa ni wa bibi yake. Hivyo ndivyo tulivyokaa hapa miaka yote, mtoto akishasahau titi anachukua kijamvi chake, anahamia kwa bibi, anakula huko, analala huko, anajifunza huko kusema uongo mdogo mdogo. Wewe hukulala kwa bibi yako? Na Asha ni mke mwenzangu. Majuzi kaniambia, "We mke mkubwa, nikune mgongo, mume wetu hajui kukuna." Nikacheka mpaka nikashika mlango. Sasa nitachekeshwa na nani, na mbuzi?

Selemani anauliza kama ndiyo mwisho. Mwisho gani, hata wino haujakauka!

Kwanza habari ya jana. Mwanangu, nilikosa. Siyo kosa la kuja, kosa la mkwe. Unajua kwetu mama mkwe hamtazami mkwewe usoni, na akimwona njiani mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Tangu akuoe nimepita sana porini, nguo zangu zote zina miiba. Nilikuwa nikitaka kumwambia neno nalisema kwa kuku: "Kuku we, mwambie mwenye nyumba paa linavuja." Na yeye, ingawa ni Mnyamwezi, alijifunza, akawa ananijibu kwa kuku huyo huyo. Nilimpenda kwa hilo. Sikuwahi kukwambia.

Halafu jana nikaenda nikamsimamia usoni, ana kofia yake yenye alama ya ndege mbele, vijana wake nyuma wanasafisha bunduki, nikamwambia bila kuku, "Mtoto huendi naye!"

Akatazama chini. Yeye ndiye aliyetazama chini, mimi sikuona haya. Akasema, "Mama mkwe, nimemwombea mpagazi wa kumbeba. Hatatembea."

"Mpagazi akichoka atamweka wapi? Juu ya jiwe, kama mzigo wa chumvi?"

"Akichoka nitambeba mimi."

"Na bunduki utaibeba kwa meno?"

Wale vijana wakacheka. Hapo ndipo ulipotoka wewe, midomo mikavu, ukasema uliyosema. Yeye hakucheka, wala hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya. Mwambie hivi, na mke wa shaushi alisome neno hili kwa sauti: mama mkwe wako anasema ingepaswa achinje kuku mkubwa wa kufungua midomo yenu mzungumze uso kwa uso, lakini kuku aliyebaki ndiye yule wa kuzungumzia, na akimchinja hamtakuwa na mkalimani.

Selemani anacheka, wino unaruka. Angalia kanzu ya watu!

Nimepotea. Nilikuwa nasema nini? Mumeo. Mimi ndiye niliyekuletea mumeo, unakumbuka? Watu wanasema askari alimwona msichana. Nani alimtuma msichana na mtungi wa ugimbi pale bomani? Mimi. Nilipika pombe kwa sababu mjane hana kazi nyingine hapa inayolipa kodi ya kibanda, na nilikutuma wewe kwa sababu miguu yangu ilikuwa imevimba. Nilisema, ni siku moja tu. Na watu waliponiambia, "Unapeleka mtoto kwa hao waliomuua baba yake?" nikawajibu, "Pombe haijui nani ameua." Jibu zuri, wakaenda zao. Nimeishi na majibu mazuri mengi, mwanangu. Yananisaidia mpaka watu waondoke, halafu nabaki nayo ndani.

Wewe hukumbuki mji huu bila boma. Pale lilipo palikuwa malisho ya ng'ombe wa nduna, mkubwa wa Wangoni. Hakukuwa na kuta, hakukuwa na duka la Banyani, hakukuwa na kengele ya kuwaambia watu wazima waamke. Milima ya Matogoro ilikuwa hivi hivi, asubuhi ina ukungu kama mtu aliyejifunika shuka, na huko juu wazee walikwenda kuomba mvua. Sisemi palikuwa pazuri. Wangoni walituchukua watu wa huku na huku wakatufanya wao, ukakaa, ukaolewa, ukazaa Mngoni. Bibi yako, mama yangu, alichukuliwa kutoka Umatengo akiwa mdogo, aliniambia alikuwa ametumwa moto kwa jirani. Alikwenda kuchukua kaa la moto, akakutana na mikuki. Mpaka anazeeka hakupenda kutumwa moto. Jiko lake halikuzimika kamwe, alilala akilishika kwa jicho moja.

Alimchukia Mngoni? Sijui. Alicheza ngoma yao ya lizombe kuliko Wangoni wenyewe. Aliwachambua kwa Kimatengo wakidhani anawasifu.

Halafu yakaja yale maji. Hili Selemani anasita kuliandika, nimemwambia andika, vita vimekwisha, waliokwisha wamekwisha. Alikuja mtu kutoka huko chini na dawa, akasema risasi zitageuka maji. Baba yako alikunywa. Mimi nilimshikia kibuyu. Watu wakiniuliza kama niliamini nasema, nani hakuamini? Lakini kweli yake ni kwamba sikuwaza habari ya kuamini au kutoamini. Nilimtazama koo lake linavyomeza, nikawaza kwamba shingo yake imekonda, arudi nimpikie. Hiyo tu. Alianguka hapo bondeni kabla hajarusha hata mkuki mmoja, bombomu, ile bunduki ya Mdachi inayotema risasi mfululizo, ikawalaza kama ulezi. Na waliorudi wakatutazama sisi wanawake, wakasema, "Kuna mmoja kavunja mwiko wa dawa." Kila mmoja wetu akajikagua. Mimi mpaka leo najikagua.

Waliobaki Mdachi aliwatundika, wakubwa wetu wote. Siku hiyo nilikufunika kichwa kwa nguo yangu, ukalia kwamba unakosa hewa. Ulikuwa na hasira na mimi kwa kukukosesha hewa. Afadhali ile hasira.

Na unakumbuka tulivyoacha kusema neno lenyewe? Mtu akitamka "maji" askari anageuka. Basi tukawa tunasema "cha mtungini." Nipe cha mtungini ninywe. Mtoni kumejaa cha mtungini. Wewe ukazoea, mpaka siku yule padri alipokuja akakuuliza unataka nini, ukamwambia, "Cha mtungini," akakuletea unga. Tulicheka, na hatukuwa na kitu tumboni.

Maana hatukuwa na kitu. Walichoma vihenge. Walichoma hata mbegu, na hapo ndipo tulipojua kwamba hawapigani na wanaume tu. Tulikula mizizi, tukala majani ambayo mbuzi anayakataa. Ngao ya baba yako, ile ya ngozi ya ng'ombe, niliichemsha siku nzima. Ulisema, "Mama, nyama hii ina manyoya." Nikakwambia ni nyama ya baba. Sikujua nasema nini. Ukaacha kula, nikala mimi sehemu yako, kwa sababu nilikuwa na njaa, mwanangu, na hakuna mtu anayekwambia kwamba mama mwenye njaa anakula.

Hapo nikasema, twende Umatengo. Ni kwao bibi yako, milimani kule vita havikupanda sana, walikuwa na chakula. Wewe ulikuwa msichana wa kuweza kutembea. Mdogo wako alikuwa ameachishwa ziwa, yuko kwa bibi. Nikaenda kumwambia bibi yako, funga mzigo, tunakwenda kwenu.

Akasema, "Kwetu wapi?"

"Umatengo, mama. Kwenu."

"Walioniacha nichukuliwe sirudi kuwaomba ugali."

"Basi nipe mtoto."

Akamvuta mdogo wako nyuma yake. Alikuwa mwembamba vile, lakini alimfunika mtoto mzima. Akasema... subiri, Selemani. Subiri kidogo.

Andika. Selemani ananipa cha mtungini. Nimesema tena! Mdomo umezoea.

Basi nikamwacha. Sikupigana naye. Mtu hapigani na mamaye, na mila ilikuwa upande wake, na mimi nililelewa kuheshimu mila kuliko kujiuliza ilitungwa mwaka wa shibe au wa njaa. Na ngoja niseme lingine, ambalo nalisema kwa sababu unakwenda mbali. Njiani nilihisi wepesi. Mtoto wa kubeba hayupo mgongoni. Tulipopita Maposeni nilikuwa natembea kama msichana.

Milima ya Umatengo unaikumbuka wewe mwenyewe. Yale mashamba yao yenye mashimo kama sega la nyuki, yanashuka mlima mzima, mvua inanyesha na udongo hauondoki. Na yule mama mwenye kilemba aliyetusimamisha kwenye ukingo wa shamba lake. Akatutazama miguu mpaka kichwa.

"Wangoni. Leo mmekuja bila mikuki?"

Nikamwambia, "Mama yangu ni wa huku. Alichukuliwa."

"Wote waliochukuliwa ni wa huku. Na waliochukua je, ni wa wapi?" Halafu akatupa jembe, likaanguka miguuni pangu. "Chimba. Mlikuwa mnavuna msichopanda. Sasa mtapanda msichovuna."

Tukachimba. Nilimchukia, na usiku alikuletea maharage kwenye jani akadhani mimi nimelala. Ulijifunza kuchimba yale mashimo vizuri kuliko mimi, akawa anakuita binti yake, na kunicheka mimi: "Huyu mamako analima kama anaua nyoka." Tulikaa mpaka maharage yalipoiva. Kila siku nilisema kesho tunarudi. Kila kesho kulikuwa na chakula, na mguu ukisimama penye chakula unakuwa mzito.

Tuliporudi, jirani alikuwa ameshawazika. Kaburi moja. Mdogo amelazwa juu ya mkubwa, kama anavyobebwa. Ukaniuliza, "Kwa nini moja?" Sikukujibu, na hukuuliza tena. Jibu ni kwamba jirani hakuwa na nguvu ya kuchimba mawili. Na ni kwamba alishindwa kuwaachanisha. Alinieleza hivyo, na hakunilaumu, na nilimtaka anilaumu. Jikoni kwa bibi majivu yalikuwa baridi. Niliyashika. Ndiyo mara ya kwanza kuyashika baridi.

Selemani ameweka kalamu. Anasema karatasi inakaribia ukingo, anataka anisomee toka juu nione kama hajakosea. Nimemwambia soma.

Amesoma umekula, nikatikisa kichwa. Amesoma habari ya Lindi. Amesoma, kwa ile sauti yake ya chuoni, ya puani, "Mtoto aliyeachishwa ziwa ni wa bibi yake."

Nikamwambia, "Nani kasema hivyo?"

"Wewe, bibi."

"Mimi?"

"Wewe, hapa, wala sijaongeza hata nukta."

Mwanangu, hayo ndiyo maneno ya bibi yako. Ndiyo aliyoyasema amemweka mdogo wako nyuma ya mgongo, yale niliyoshindwa kumwambia Selemani ayaandike, nikaomba anisubiri. Neno kwa neno. Niliyatoa mdomoni asubuhi hii kwa raha kabisa, nikaendelea na vichekesho vya kukuna mgongo, na sikuyasikia mpaka mwanamume wa Kilwa aliponisomea.

Nimemwambia ayafute. Anasema karatasi si nguo, haifumuliwi, akipaka wino juu itakuwa doa na utajua kuna kitu kimefichwa. Basi yaache. Ujue kwamba niliomba. Ujue pia kwamba bibi yako hakuwa mbaya. Nimekaa miaka yote nikimwona mbaya, mwanamke aliyemshika mtoto akafa naye. Leo nimemwelewa, na kumwelewa hakunisaidii kitu. Alichukuliwa akiwa mdogo, mume wake akachukuliwa, watoto wake wengine wakachukuliwa na ndui, akabaki na kimoja cha kushika. Na mimi nimebaki na kimoja cha kushika.

Kwa hiyo mchukue.

Selemani, andika hivyo, mchukue. Usinitazame.

Usidhani najua ninachosema. Ningejua kwamba barabara ya Lindi ni salama ningesema kwa furaha. Nimeona misafara inavyorudi, wanawake wamebeba sufuria na mgongoni hakuna mtu. Nimesikia habari za homa huko chini pwani. Huenda ukimwacha kwangu ataishi, na mkienda naye atazikwa Namasakata kando ya njia mahali nisipopajua. Huenda ni kinyume. Nimegeuza geuza hili tangu jana kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mila yetu haijui. Mzungu hajui. Yule wa dawa hakujua. Nilimwacha mmoja akafa, nikamchukua mwingine akaishi, ukawa wewe, na hata hiyo si elimu, ni bahati tu. Ninachojua ni kwamba mtoto aliyekufa mbele ya mamaye na mtoto aliyekufa nyuma ya mamaye si sawa. Nimekuwa mama wa huyo wa nyuma. Sitaki wewe uwe.

Na mbebe mwenyewe. Mpagazi abebe sufuria. Utachoka, mgongo utakukatika, utamlaani na utanilaani mimi. Sawa. Usije ukahisi ule wepesi.

Ilibaki nikwambie mambo ya chakula na dawa ya tumbo, lakini hayo unayajua, na wake wa askari watakufundisha ya safari kuliko mimi. Mumeo akikosea, mwambie kupitia kuku. Ukikosa kuku, sufuria. Usimwambie usoni mbele ya vijana wake. Nimejaribu, haifai.

Sasa sikiliza la mwisho, Selemani anaandika kwa herufi ndogo ndogo pembeni. Kesho mtapita barabara ya chini ya shamba langu, hakuna nyingine. Usimlete Asha kuniaga. Nakuomba, mwanangu, na sikuombi kama mama, nakuomba kama mtu. Mikono yangu naijua. Itamshika, na mumeo atalazimika kuifungua kidole kidole, naye ni mkwe wangu, hapaswi hata kunigusa. Mfunge mgongoni, mfunike na nguo, mpite.

Nitakuwepo. Nitakuwa nalima, nimewapa mgongo. Mkinipita ataniita, namjua, ataniita "mke mkubwa" kwa ile sauti yake mpaka askari wote wageuke. Mwache aite. Sitageuka. Mwambie bibi anazeeka, masikio yamekufa, mwambie lolote. Lakini wewe usiamini. Nitakuwa nimesikia.